Picha Tisa Ukutani

Mpiga picha wa mtaani kwetu hubana pumzi kila anapobonyeza kitufe, kana kwamba anayepigwa picha ni yeye. Jicho lake la kushoto limezoea kufumba, hata akinywa chai hulifumba kidogo. Usipomjua utadhani anakukonyeza. "Kidevu juu. Nitazame mimi, achana na kamera." Bibi harusi huambiwa hivyo, na mtoto anayelia pia. Ukutani amemtundika marehemu mkewe mara tisa: akianika nguo, akimenya vitunguu, akimfukuza mumewe mwenye kamera kwa mwiko. Yeye mwenyewe hayumo hata katika moja.

Juzi nilikuwa hapo studioni nikisubiri picha zangu za pasipoti, binti yake akaingia na fremu mpya: baba na mama bega kwa bega, wanacheka. "Nimeiambia kompyuta iwaunganishe, Baba, ikaitunga picha yenyewe. Hatimaye mko pamoja."

Mzee akafuta kioo kwa pindo la shati, ingawa hakikuwa na vumbi. Jicho la kushoto likafumba.

"Ahsante, mwanangu. Amependeza kweli." Akainua macho ukutani. "Ila hapa anamtazama nani? Kwenye zile zote alikuwa ananitazama mimi."