Friji Iliyolala Njiani

Juzi nikiwa Masalani niliona vijana wakivusha friji mtoni kwa boti, wameilaza chali, na ghafla nikajikuta nanusa vitunguu.

Friji ya hooyo, mama yangu, ilifika Garissa hivyo hivyo, imelazwa juu ya magunia ya vitunguu katika lori la kutoka Nairobi. Alikuwa ameuza mbuzi wake wote ili aanze biashara ya maji baridi. Alipoinama kuichomeka kwenye umeme, fundi Yusuf aliukanyaga waya.

"Bado, mama. Hii imesafiri imelala. Wacha ipumzike mpaka baada ya swala ya Alasiri."

"Adeer, niambie ukweli. Imekufa?" Hooyo alimwita adeer, yaani ami, kwa heshima.

"Wallahi ni nzima. Ngoja tu."

Jirani yetu Habiba alichungulia mlangoni, akacheka. "Abaayo, dada yangu, umejinunulia kabati!"

Siku hizi najua kwamba friji ikilazwa, mafuta ya kompresa huingia kwenye mabomba, na ukiiwasha kabla hayajarudi inaweza kuungua. Wakati ule niliamini imechoka na safari kama mtu. Niliipepea kwa kipande cha katoni, nikafukuza mbuzi wa majirani wasije wakaiamsha.

Baada ya swala Yusuf aliichomeka. Kimya. Kisha ikatetemeka na kuanza kunguruma polepole. Hooyo aliketi sakafuni, akaiegemea kwa mgongo na kufumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kama nilikuwa nimekula.