Kuku Niliyemuuza Bunda Alirudi na Wifi Yangu

Jumanne niliuza kuku. Jumamosi kuku yuleyule akarudi nyumbani kwangu, kafungwa miguu, kabebwa na wifi yangu kama zawadi ya mzazi.

Msicheke kwanza.

Alikuwa kishingo, wale kuku wasio na manyoya shingoni, halafu jicho moja limeziba. Mkoa mzima wa Mara huwezi kupata wawili wa namna hiyo.

"Wifi, pokea," Scholastika akasema huku anatabasamu. "Utengeneze supu, maziwa yatoke vizuri."

Nikapokea. Kuku akanikazia lile jicho lake moja. Mimi nikaangalia pembeni kama mtu anayedaiwa.

Sasa ngoja niwaeleze tulifikaje hapo, halafu mtanihukumu.

Mimi ni mwalimu wa chekechea kwenye shule ya binafsi hapa Musoma. Mume wangu Enos ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Kazi zikiwepo tunakula vizuri, zisipokuwepo tunakula tu.

Mtoto wetu wa kwanza, Wanzagi, alikuwa na miaka miwili na kidogo nilipojifungua wa pili. Ilikuwa mipango ya Mungu, sisi hatukuitwa kwenye kikao.

Nilipokwenda kwa mkurugenzi kuomba likizo ya uzazi, akafungua faili langu na kulisoma taratibu.

"Madam, likizo ya malipo umechukua juzi tu hapa. Sheria inahesabu miaka mitatu. Hii ya sasa silazimiki kukulipa."



"Lakini kwa ubinadamu," akasema, "nitakupa nusu."

Nusu ya laki nne na ishirini. Piga hesabu mwenyewe.

Nikasema asante, nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi darasani kuimbisha watoto.

Kilichoniliza hakikuwa chakula. Chakula huku hakikosekani kabisa. Kilikuwa mabati.

Sisi tumepanga vyumba viwili Bweri. Hatua chache kutoka hapo kuna kiwanja chetu, na kwenye kiwanja kuna nyumba yetu imefika kwenye lenta. Kuta zote za matofali ya udongo, mabichi, hayajaona moto. Masika ikizikuta wazi, mwezi wa nne unazoa tope.

Hela ya mabati ishirini na nane ilikuwa kwenye sanduku la kikoba chetu cha kuweka akiba. Mgawo ni mwisho wa mwezi wa pili. Ukianza kuimega kabla ya hapo kwa ajili ya sabuni na mkaa, ndiyo imekwenda hiyo.

"Tule dagaa, tule mlenda, tunywe maji," Enos akaniambia. "Hela ya mabati hatugusi."

"Na nyumbani kwenu Butiama tuwaambieje?"

"Tusiwaambie. Mama ataanza kuhangaika."

Nikakubali haraka, maana mimi nilikuwa na sababu yangu ya ziada. Mimba ilipoanza kuonekana, mama mkwe, Mama Dorotea, aliniuliza kwa upole kama kazini watanilipa safari hii. Nikamjibu kwa mdomo mpana: "Mama, sisi tumeajiriwa. Tuna sheria."

Alipokuja hospitali kumwona mjukuu akauliza tena. Nikamwambia wananilipa mshahara wote.

"Haya," akasema. Akamfunika mtoto vizuri.

Basi nikaingia kwenye nusu mshahara. Pampasi zikaachwa, zikarudi nepi za khanga. Gesi ikapumzishwa, mkaa ukarudi kazini. Sukari nikawa naificha mpaka mwenyewe nasahau ilipo.

Kisha wageni wakaanza.

Kwetu mzazi hatembelewi bila kuku. Wiki ya tatu nilikuwa na kuku tisa wamefungwa jikoni. Raha, siyo? Kuku mmoja analetwa na watu sita. Watu sita wanataka wali na soda. Ukijumlisha, kila kuku anaingia nyumbani kwako ameshakula kuliko atakavyoliwa.

Na kuku wa mzazi hauzwi. Huyo ni wa supu yako. Ukimuuza umetangaza kwamba mumeo ameshindwa kukulisha, na ukweni wataisimulia hiyo habari mpaka mtoto mwenyewe aje aolewe.

Mimi nikauza.

Jirani yangu Hilda ni muuza dagaa, anazunguka minadani. Nikamwita ndani, nikafunga mlango.

"Shoga, niuzie hawa. Lakini siyo hapa mjini. Na Butiama usithubutu. Peleka Bunda, huko hakuna anayenijua."

"Bunda? Hiyo kazi ndogo. Ila kuna nauli na ushuru wa soko."

Tukakubaliana elfu mbili kwa kila kuku. Nikaanza na jogoo aliyeletwa na mama mkwe mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa mkubwa. Shetani akikushika anakushika vizuri.

Jioni Hilda akarudi na elfu ishirini na nane.

"Kwa jogoo mmoja?"

"Bunda kuku wamepanda bei, shoga! Wanagombaniana!"

Wiki iliyofuata elfu thelathini kwa tetea. Nikaanza kuiheshimu Bunda. Na Hilda alikuwa hachoki kunisimulia: leo jua la Bunda nusura nizimie, leo mgambo wa soko wamenisumbua, leo mzee mmoja wa Kisukuma kamng'ang'ania yule kishingo wako mpaka nikamwonea huruma.

Enos alipouliza kuku wanakwenda wapi, nikamwambia kideri kimeingia, kinaua kuku. Mama mkwe alipopiga simu nikamwambia hivyohivyo.

"Pole, mwanangu," akasema. "Kideri cha huko Bweri kikali. Naona kinachukuaga wanene tu."

"Ndiyo, mama. Ni kibaya sana."

Halafu kukawa na jambo jingine la ajabu. Hela haikuisha. Hata nikitoa ya kuku, bado nilikuwa nakuta debe la unga limejaa, mkaa upo, na Enos analeta samaki sato mwenye afya zake siku ambayo najua hakuwa na geti hata moja la kuchomelea.

"Mke wangu, unajua kubana matumizi," akanisifu.

Nikaipokea sifa. Nilijiona waziri wa fedha.

Ndiyo Jumamosi hiyo sasa, wifi kasimama mlangoni na kishingo.

"Wifi, huyu kuku umempata wapi?" nikauliza.

"Kwa mama. Nimejichukulia tu bandani. Siku hizi anao wengi, sijui anawatoaga wapi."

Nikakimbilia kwa Hilda. Nikamkuta anaanika dagaa. Akaapa kwa jina la marehemu bibi yake kwamba yule mzee wa Kisukuma alilipa taslimu. Lakini macho yalikuwa kwenye dagaa muda wote.

Hapo nilikuwa na mawazo mawili. Ama yule mzee ni mchawi, au mama mkwe alikwenda mnadani Bunda akamkuta kuku na kumtambua. Kwa kweli niliomba awe mchawi.

Jumapili baada ya misa nikambeba mtoto mgongoni, nikaongozana na wifi hadi Butiama. Nilisema naenda kumwonyesha bibi mjukuu. Ukweli nilikuwa naenda kuungama, maana nilijua habari ikimfikia kwa mdomo wa mtu mwingine nimekwisha.

Tulipoingia uwanjani, wa kwanza kunikaribisha alikuwa yule jogoo. Alikuwa juu ya kichuguu anawika, manyoya yanang'aa. Chini yake walikuwa wanaparua matetea wangu watano, mmojammoja nawajua. Ukiacha kishingo, hakuna aliyeuzwa aliyekosekana.

Mama mkwe alikuwa kakaa kwenye kigoda anapepeta ulezi. Hakunyanyua kichwa.

"Karibu, mwanangu. Wagonjwa wako wamepona."

Nikapiga magoti pale pale, na mtoto mgongoni. Maneno yote niliyoyapanga njiani yakapotea.

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Sikuibiwa. Nimenunua kwa hela yangu."

Ndipo akanieleza. Siku ya kwanza kabisa, Hilda akiwa na jogoo kwenye kikapu pale stendi ya Bweri, mama alikuwa anashuka kutoka Butiama, anakwenda hospitali kupima presha. Akamwona jogoo wake katoa kichwa. Mtu hawezi kumsahau jogoo aliyemlea mwenyewe. Hilda akaulizwa maswali mawili tu, akatapika yote.

"Nikamwambia usihangaike na Bunda. Kila atakachokupa uuze, niletee mimi. Na bei usimpunje."

Nikachukua simu nikampigia Hilda hapohapo.

"Hilda, Bunda umewahi kufika?"

"Shoga, Bunda naijuaga. Niliendaga mwaka juzi."

"Na ushuru wa soko?"

"Mtaji wa dagaa ulikuwa umekata, dada yangu. Nitakuletea visado viwili vya dagaa."

Mama mkwe akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Na mimi nikaanza kucheka huku nalia, hata sikujua kipi kilianza.

Tukaingia ndani kunywa uji. Na pale sebuleni, juu ya meza, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, nikaona kitu nakifahamu. Sabufa ya Enos, ile ya muziki. Mwezi mzima Enos ananiambia sabufa iko kwa fundi.

Nikamgeukia mama.

"Hiyo nayo ilishikwa na kideri," akasema.

Kumbe mume wangu naye alikuwa amemwita Hilda pembeni. Naye alimwambia: peleka Bunda, mbali, mke wangu asijue. Sabufa, drili ya pili na ile saa aliyopewa kwenye harusi yetu. Wale sato wenye afya walikuwa wametoka hapo.

"Nyumba moja," mama akasema, "watu wawili, wote mnanificha mimi, na wote mnaniuzia mimi. Nimekuwa mnada."

"Mama, si ungetupa hata maneno? Ungesema tu kwamba unajua."

Hapo ndipo aliponiangalia usoni.

"Nilikuuliza mara mbili. Ukasema wanakulipa wote. Mtu akisema ameshiba, nitamshika taya nimlishe? Mwanangu, wamekukata nusu ya mshahara. Mdomo hawajakukata."

Nikauinamia uji wangu. 

Ningeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha. Lakini wakati wa kuondoka Scholastika alinisindikiza hadi barabarani, akasema polepole, kama mtu anayezungumza na viatu vyake:

"Sasa ndiyo naelewa mama alimuuza yule ng'ombe wake dume kwa nini. Alikuwaga anamtunzia mabati ya jiko lake."

Nikageuka nikalitazama lile jiko. Miaka yote nimepika mle. Nyasi zimeoza, upande mmoja unaona mbingu, na mvua ikinyesha mama anapika kajifunika turubai. Hata siku moja sijawahi kuuliza. Tulikuwa tunalinda mabati yetu kwa mabati yake.

Niliumia, nisiwadanganye. Niliumia kuliko siku ile ya mkurugenzi.

Nyumbani nikamkuta Enos anambembeleza Wanzagi ale.

"Sabufa imetengenezwa?" nikamuuliza.

"Fundi anasema spea bado haijafika."

"Fundi yupi? Fundi Dorotea?"

Kijiko kikamdondoka. Akanitazama, akaona nacheka, na yeye akaanza. Tukakaa chini tukaambiana yote, kuku kwa kuku, drili kwa drili. Nilipofika kwenye lile jiko, cheko likaisha. Akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Ishirini na nane," akasema mwishowe. "Jiko la mama linakula nane."

"Yatabaki ishirini. Yetu hayatatosha."

"Hayatatosha."

Tulijua wote tunachosema. Mgawo wa kikoba ulipotoka, mabati nane yakaenda Butiama kwanza, Enos akayapigilia mwenyewe. Mama aligomba kutoka msumari wa kwanza hadi wa mwisho: nani kawaomba, nyie watoto mna akili kweli, shukeni huko juu. Chakula kitamu alichotupikia siku hiyo sijawahi kukila tena.

Kwetu Bweri yale ishirini yakafunika sebule na vyumba viwili. Jiko na stoo tukavifunika turubai na mawe juu.

Mvua ilikuja wiki ya pili ya mwezi wa tatu, mchana, bila hodi. Upepo ukachukua turubai, na kona moja ya jiko letu ikayeyuka na kukaa chini kama bibi aliyechoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni naitazama inavyokwenda, mtoto kifuani.

Simu ikaita. Mama mkwe.

"Halo, mama?"

Hakujibu. Nikasikia kishindo tu, kikubwa, kama watu wanamwaga mahindi. Nikaelewa ameinyoosha simu juu, kwenye mabati.

"Unasikia?" akapaza sauti. "Nimekaa katikati ya jiko langu, na nguo yangu kavu!"

"Nasikia, mama!"

Ile kona ya jiko letu niliisahau kabisa. Tuliijenga upya mwezi wa tano, mshahara wangu uliporudi kuwa mzima, na safari hii kwa matofali ya kuchoma.

Kwa hiyo dada yangu unayesoma hapa ukiwa likizo ya uzazi, hela imepungua na unahesabu vijiko vya sukari: bana matumizi, sawa, lakini kabla hujabana mambo mengine, usibane mdomo. Mwambie mumeo unachouza. Naye akuambie anachouza. Mkimaliza hapo, mwambieni mama mkwe.

Najua. Najua.

Mwambie tu.