Uzi wa Katani Kwenye Nati ya Oili

Mama mkwe wangu alituma neno kutoka Ndithini kwamba anataka kumwona binti yake, na asikawie. Sisi tunaishi Kalama. Tangu mke wangu avunjike nyonga, hawezi kukaa wima safari ndefu. Huweza tu kusafiri kwenye kiti cha mbele cha gari letu kuukuu, ambacho hulala nyuma karibu kama kitanda. Bila gari hilo hangefika.

Na gari nilikuwa nimeliharibu mimi. Nilimwaga oili chafu nyumbani kama kawaida yangu, kisha nikafunga nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, jinsi ninavyofunga mabomba ya tangi la maji: spana, kipande cha bomba juu yake, na uzito wangu wote. Nati ikalia, halafu ikaanza kuzunguka bure. Meno ya shimo yalikuwa yamelika. Badala ya kuita fundi, nilichomoa uzi wa katani kwenye kiondo alichokuwa akisuka mke wangu, nikauzungusha kwenye nati na kuirudisha. Viungo vya bomba tumevifunga hivyo tangu ujana wangu. Asubuhi nilikuta dimbwi jeusi chini ya gari, na kuku akitembea na soksi za oili.

Fundi alikuja kutoka Masii kwa pikipiki. Alijipenyeza chini ya gari, akatoka ameishika nati kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika panya mkiani.

"Mzee, hii nati ilifungwa na nani? Wewe ama ng'ombe?"

"Mimi."

"Na hii uzi je?"

Mke wangu alikuwa ameketi kando, mkongojo mapajani. "Uzi wangu!" akasema. "Na vile nimetukana panya tangu jana!"

"Mwaitu, panya ndiye huyu," fundi akamjibu, akimwita mama kwa Kikamba. Wakacheka pamoja.

"Itapona?" nikauliza.

"Itapona. Lakini kwanza lazima niharibu zaidi."

Nilidhani ni mzaha. Akapaka grisi kwenye chuma cha kukata meno, ili vumbi la chuma linase humo lisiingie kwenye injini, akaanza kulipanua shimo lile lile nililoliua. Kila lilipokwaruzwa nilimtazama mke wangu. Alikuwa ametulia kuliko mimi.

Kisha fundi akafungua kiganja. Palikuwa na springi ndogo ya waya, fupi kuliko ncha ya kidole changu. Mke wangu akaiomba, akaigeuzageuza kwenye jua.

"Unazungusha, unazungusha, inashika," akasema. "Hii ni kiondo."

"Basi mwaitu anaelewa kazi," fundi akasema. Akaichukua, akaisokota taratibu ndani ya shimo, kisha akamimina oili kidogo kusafisha. "Mzee, njoo uone."

Nililala juu ya gunia, nikamulika kwa simu. Pale palipokuwa laini kama ufizi wa mtoto mchanga, meno mapya yaling'aa, yamepangika sawasawa hadi ndani. Nimeshika spana maisha yangu yote, lakini sikujua kwamba shimo linaweza kuota meno mara ya pili. Nilikaa chini pale mpaka fundi akauliza kama nimelala.

Akanipa spana, bila kipande cha bomba. "Funga wewe."

Nikafunga.

"Hapo!" mke wangu akasema. "Wacha hapo."

Nikaacha. Mkono wangu ulikuwa bado na nguvu nyingi zisizo na kazi.

Kesho yake tulifika Ndithini. Kwetu mwanamume hakai pamoja na mama mkwe wake, ni heshima, hata sisi wote tukiwa wazee. Basi nilimsindikiza mke wangu hadi mlangoni, nikarudi kwenye gari. Kupitia ukuta nilisikia sauti mbili, moja nyembamba kama uzi, nyingine ikijibu. Halafu vicheko. Nikajua anamsimulia mama yake habari za panya.

Nikapiga magoti, nikainama nikachungulia chini ya injini. Vumbi jekundu lilikuwa kavu kabisa. Nikaliwekea kiganja, nikakiacha hapo.