Kifaru Kikubwa cha Mama

Kifaru ana pembe ngapi? Mwalimu wetu wa darasa la tatu aliuliza swali hilo asubuhi moja ya ukungu pale Karatu, na darasa zima likainama kutazama madawati. Najua mnacheka. Tuliishi jirani na kreta ya Ngorongoro, kila siku magari ya watalii yakitutimulia vumbi jekundu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuteremka humo. Vifaru tuliowajua walikuwa wamechorwa kwenye vifuniko vya matairi ya akiba, nyuma ya magari hayo hayo, na wachoraji hawakuwa wameelewana: mmoja aliweka pembe moja, mwingine mbili, na wa tatu aliweka tatu kwa mapenzi yake. Mwalimu alituambia tukawaulize wazazi. Nikifikiria leo, naona naye alikuwa anatafuta jibu.

Enzi zetu, na wenye mvi wanisamehe kwa kulitumia neno hilo na miaka yangu ishirini na kitu, mzazi ndiye aliyekuwa mtandao. Na mzazi wangu mimi alipaswa kujua kuliko wote, kwa sababu mama yangu alikuwa mpishi wa keki kwenye hoteli moja ya kitalii ukingoni mwa kreta, na kazi yake nyingine ilikuwa kuchonga wanyama kwa chokoleti. Jaribu kumweleza hilo jirani anayepalilia maharage. Jirani yetu alisikia neno "anachonga" tu, kesho yake akaniletea jembe lisilo na mpini nimpelekee Mama.

Mama alitoka Singida akiwa msichana, akaja kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa, kisha akapata kazi ya kuosha vyombo hotelini. Siku moja mpishi mkuu alimkuta akifinyanga ng'ombe kwa mabaki ya chokoleti, kama alivyofinyanga kwa udongo utotoni, akamhamishia meza ya keki. Ndiyo maana wanyama wake wote walikuwa na asili ya ng'ombe. Simba wake alikuwa na nundu. Tembo wake, ukimtazama kwa nyuma, ungeenda kutafuta ndoo umkamue.

Waliovunjika walikuja kwetu. Mama alifika jioni na baridi yake, ndani ya sweta lililonukia siagi na vanila, amebeba furushi la lailoni, na baada ya makande tuligawana kama watu waliochinja. Mdogo wangu Daudi alidai mapaja, mimi nilipenda masikio ya tembo kwa kuwa yalikuwa membamba na yaliyeyuka yenyewe ulimini. Shuleni mguu wa pundamilia uliweza kununua muwa mzima. Nililala nikiamini kwamba kule chini kretani kunanukia chokoleti, ingawa hata wakati huo nilikuwa na mashaka yangu: nilimuuliza Mama simba walitengenezwa na nani kabla hoteli haijajengwa. Aliniambia nina maneno mengi.

Kwa jambo moja Mama hakuwa na mchezo: ngeli. Tulipocheza rede uani, mtoto akithubutu kusema "ng'ombe kimepita," mpira ulisimama, maana sauti ilishatoka jikoni.

"Kimepita nini, kiti?"

Jioni ya siku ya lile swali nilimkuta nyuma ya jiko amepiga magoti mbele ya lundo la udongo. Nikamuuliza kifaru ana pembe ngapi.

"Inategemea," akasema.

"Inategemea nini?"

"Inategemea anayeuliza. Nenda kachambue mchele."

Nikiwa naondoka nilimwona akiubonda ule udongo kwa ngumi mpaka ukawa chapati. Nilidhani ulikuwa udongo mbaya.

Kumbe siku hiyo meneja wake, Bwana Tluway, Mwiraqw wa Mbulu na mtu mwema asiyependa utani kazini, alikuwa amempa oda. Wazee wawili wa Kizungu, mume na mke, walikuwa wanakuja kusherehekea miaka mingi ya ndoa, na inasemekana walipenda vifaru kuliko watoto wao. Meneja alisema mbele ya jiko zima, "Mama Neema, nataka kifaru kikubwa, kizuri, kiangalie meza yao." Akaongeza kwamba shingo ya twiga imeshakatika mbele ya wageni, na likitokea kosa jingine Mama arudi kwenye kahawa. Sisi tulijua maana ya kahawa. Ilikuwa mikono iliyopasuka, kuamka gizani, na mimi na Daudi kuacha shule kwa zamu.

Basi Mama akatengeneza kifaru. Alikitengenezea minyororo, mnara, na mtutu mrefu uliong'aa. Cha jeshi, kama vile tulivyoviona kwenye gwaride la Uhuru katika runinga ya jirani. Wahudumu, ambao hawakuwa wameambiwa lolote, wakakisukuma ukumbini kwa kitoroli huku wakiimba na kupiga makofi, mtutu umeelekezwa kifuani kwa yule bibi.

Yaliyofuata Mama alituigizia mara nyingi, sauti zote mbili. Meneja alimfuata jikoni.

"Mama Neema, nilikuambia nini?"

"Rudia, Bwana Meneja, wenzangu wasikie."

"Nilisema kifaru kikubwa."

"Basi ndicho hicho. Ungetaka mnyama ungesema mkubwa."

Muosha vyombo, Mgogo mmoja mwenye heshima zake, alikohoa na kukubali kwamba kwa upande wa sarufi Mama yuko sahihi. Meneja alijitetea kwa sauti ndogo kwamba lugha ya kwao haina mambo haya ya ki na m, halafu akakumbuka kwamba meneja ni yeye, akamwambia Mama avue aproni.

Mama akaanza kufungua fundo mgongoni. Halijafunguka, mhudumu akaingia mbio: yule bibi anamtaka mpishi. Mama alimkuta amecheka hadi machozi, mumewe amejifunika uso kwa kitambaa cha meza. Mhudumu alitafsiri kwamba miaka yote hiyo watu wamewaletea mioyo na maua, na ni huyu mama peke yake aliyeielewa ndoa yao. Wakakila, wakianzia kwenye mtutu. Mama akakaza fundo la aproni na kurudi kwenye meza yake, na haikutajwa kahawa tena. Meneja akawa mwangalifu mno kwa ngeli, hadi siku moja akaomba aletewe "kijiko mkubwa."

Watoto wa siku hizi nawaonea huruma kidogo. Binamu yangu mdogo amemjua kifaru kwenye simu kabla hajamjua mbuzi wa bibi yake. Akiwa na swali anaiuliza simu, na simu haijawahi kumjibu "inategemea" wala kumtuma akachambue mchele. Keki yake ya kuzaliwa huagizwa mtandaoni, imechapwa sura yake mwenyewe, naye hujila akianzia jichoni. Chini ya picha ya mnyama anaandika "kifaru kikubwa sana," na hakuna sauti inayotoka jikoni. Mimi nimesoma chuo kikuu, nimefundishwa kudai ushahidi wa kila jambo, na bado ningependa kurudi pale ambapo kreta ilinukia chokoleti.

Mwaka jana, Mama akiwa ameshastaafu, nilimteremsha kretani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Dereva alisimamisha gari, akamwonyesha kidoa cheusi mbali nyasini, akampa darubini. Kidoa kama hicho ndicho kilichokuwa kwenye picha pekee ya kifaru pale hotelini, na wageni waliambiwa waamini tu. Mama alitazama muda mrefu, midomo ikimchezacheza.

"Mbili," akasema. "Na zimefuatana puani. Mimi kwenye udongo niliziweka pembeni, kama za ng'ombe, nikaona hapana, nitafukuzwa."

Ndipo nilipojua kwamba jioni ile nyuma ya jiko Mama alielewa vizuri sana kuwa meneja anataka mnyama. Alichokuwa hajui ni pembe.