Nilivyomharibia Binti Yangu Digrii ya Sheria

Nimekosa, mwenzangu, na kosa lenyewe la kijinga: nilimzuia binti yangu asirudi chuo kikuu kumalizia sheria, kwa sababu mie mtu mzima naogopa kukaa nyumbani peke yangu!

Usinicheke. Au nicheke tu. Mie mwenyewe ningecheka kama mtoto asingekuwa wangu.

Mie ni mtu wa ndani. Nimezaliwa Wete, nikaolewa Jadida, hatua chache kutoka kwa mama, na kidato cha nne nilimalizia skuli ninayoiona dirishani. Unguja nimekwenda mara moja, nikatapika kwenda na kurudi, nikaapa basi. Kwa hiyo mume wangu alipofariki nikaambiwa nikae eda, nisitoke, watu wakanihurumia. Nisitoke kwenda wapi? Mie nimekaa eda tangu usichana wangu!

Binti yangu akaja msibani kutoka chuoni Unguja. Ndio kwanza anaanza mwaka wa mwisho. Alikuwa na diploma ya chuo kingine, na huku chuo kikuu wakamkubalia krediti zake, yaani masomo aliyokwisha kuyafaulu kule, zikahesabiwa, akaruka mwaka mzima. Lakini kwa sharti. Siku hitma ya baba yake ilipokwisha, alinieleza huku anakunja nguo zake.

"Mama, mwaka wa mwisho lazima niukae palepale chuoni, mihula yote miwili, bila kukata. Nikiukosa huu, zile krediti za diploma hazihesabiwi tena. Muda wake unakwisha mwaka huu."

"Krediti nazo zina tarehe ya kuharibika, kama maziwa ya kopo?" nikamtania.

"Ndiyo, mama. Kama maziwa ya kopo."

Hakucheka. Hapo ningejua!

Badala yake nikashika kifua. Wallahi sikuwa na chochote! Akifunga zipu ya begi, pumzi zinanipanda. Akiifungua, zinashuka. Chuo kilimpa wiki mbili za msiba. Wiki mbili zikaisha nikapata kizunguzungu, kikaja kiuno, nikaishiwa maradhi hadi nikaumwa jino nililokwisha kuling'oa.

Siku moja akaniuliza, "Kwani mama mdogo hawezi kuja kukaa na wewe?"

Mama mdogo ni mdogo wangu, anakaa Kojani. Nikamwambia nimeshampigia, kasema hawezi, mumewe hajiwezi.

Dhambi yangu iko hapo. Mdogo wangu alinipigia yeye mwenyewe, tena mara mbili: "Dada, mzigo wangu nishaufunga, nije?" Mie nikamjibu, "Usijisumbue, ninaye mwanangu."

Nilijua, mwenzangu! Nilijua kule darasani siku zinahesabiwa. Nikajidanganya kwamba walimu nao wana mama zao, watamwelewa.

Eda ikaisha, mdogo wangu akaja kunitoa. Tumekaa mkekani na jamaa, mwanangu anamimina chai. Mdogo wangu akamwambia, "Ahsante, mwanangu, kwa kukaa na mama yako. Mie nilitaka kuja tangu mwanzo, mwenyewe akanikataza."

Mwanangu akaendelea kumimina. Kikombe kikafurika, chai ikatambaa mkekani, yeye bado anamimina, macho kanikazia mie.

Wiki ileile barua ya chuo ikaingia kwenye simu yake. Muhula hakuukaa. Krediti za diploma zimekwisha muda. Akiitaka digrii, aanze upya mwaka wa kwanza.

Nikawaandikia wakubwa wa chuo kwa mkono wangu, karatasi tatu. Nikakiri kila kitu, hadi lile jino. Wakanijibu kwa adabu sana: mwanafunzi akiugua, alete cheti cha daktari. Mama muongo hayumo kwenye kanuni zao.

Sasa binti yangu yumo ndani na mie, kama nilivyotaka! Asubuhi ananipa shikamoo. Ananipikia. Ananiuliza kama nimeshiba. Baada ya hapo hana neno. Vitabu vyake kavitia kwenye mfuko wa mchele, kaufunga kamba, kautupa juu ya kabati. Nikimtania kama zamani, hata hageuki.

Yarabi, nitamwomba vipi radhi mtoto ambaye hata hanigombezi? Angenitukana ningepumua! Nyumba hii niliyoiogopa nikiwa peke yangu, leo tumo wawili na ni kimya zaidi.

Wazazi wenzangu, na hasa nyinyi mama wa ndani mfano wangu: mtoto akikwambia chuo kinamtaka akae kule, mwache aende akakae. Usiulize mara mbili, usishike kifua. Kama ni kulia, lia boti ikishaondoka! Na kama mambo ya krediti huyajui, kama mie nisivyoyajua, basi mwamini anayeyasomea. Mie niliyafanyia mzaha, na mzaha wangu umemlia mwanangu miaka yake.

Juzi jirani yangu Bi Time aliingia kuazima kinu. Akamkuta binti yangu kainamia ungo, anachagua mchele. Akamtazama weee, kisha akanigeukia mie, hata salamu hajanipa:

"Wewe eda yako ilikuwa miezi minne na siku kumi, ukaoga ukatoka. Ya huyu mtoto inakwisha lini?"