Tumbo Lililoanza Kusokota Igawa

Kosa langu la kijinga ni kwamba nilimshuku mshenga wangu mwenyewe kuwa ameniwekea kitu kwenye togwa, nikaubeba ujinga huo kutoka Mbeya hadi ukweni Iringa.

Mshenga alikuwa jirani yangu, mzee aliyenipelekea posa bila kudai hata sigara. Hilo ndilo lililonitia shaka. Asubuhi ya safari akaniita kwake, tukanywa togwa ya mkewe. Mimi ni mtu wa nyumbani; kwenda sokoni tu naaga. Basi lilipofika Igawa, tumbo likaanza kusokota. Nikamtazama mzee: anakoroma. Nikajiambia, mwenye moyo safi hawezi kulala kwenye barabara yenye mashimo namna hii.

Ukweni, baba wa binti alionja ulanzi, pombe ya mianzi, mbele yetu kwanza, ndiyo desturi yao, tuone kwamba hauna kitu. Kisha akanipa kata. Kuikataa ni kumkataa binti. Nami nilimtaka binti yule kuliko kitu chochote, lakini niliichungulia ile kata kama mtu aliyedondosha ufunguo kisimani, nikaiweka chini.

"Shemeji," akasema kaka wa binti, mwalimu wa shule, "dada yetu hakufai?"

"Ananifaa! Ni tumbo. Linasokota tangu Igawa."

"Ulikula nini?"

"Togwa," nikasema, nikimtazama mzee kwa pembe ya jicho. Mzee akaacha kutafuna.

Mwalimu akacheka. "Togwa haina kosa. Waingereza wana neno lake: collywobbles. Hofu ikishukia tumboni."

Akaeleza kwamba yaelekea neno hilo lilishonwa kwa vipande viwili, kimoja cha msokoto wa tumbo, kingine cha kuyumbayumba. Ila wapo wanaodai limetokana na jina la kidaktari la kipindupindu, na hakuna mwenye hakika.

Nikamshuku na yeye. Sekondari nilifika, neno hilo sikulikuta. Nikamwambia aliandike. Akaliandika mlangoni kwa chaki, na lilivyoandikwa ndivyo lilivyozidi kunuka uongo.

"Wazungu nao huogopa wakwe?" baba akauliza.

"Sana, baba."

Baba hakucheka. "Vizuri. Lakini kata yangu imewekwa chini. Alete mbuzi kabla jua halijazama, anywe, ndipo tuzungumze. Asipoleta, arudi kwao na neno lake."

Tukatoka kutafuta mbuzi, tukampata kwa mtu wa bondeni. Njiani, tumbo limenyamaza kabisa, nikamuuliza mzee kama anaamini lile neno la mwalimu. Akanitupia kamba ya mbuzi.

"Kizungu mimi sijui. Togwa nilikunywa mimi, mke wangu akanywa, na wewe ukanywa. Aliyeugua ni bwana harusi peke yake. Wewe ni mwoga tu. Shika mbuzi, na kata ikija, fumba macho unywe."