Niliingia na Spana Darasani kwa Mke Wangu

Admin, nifichie jina, maana Visiga tunajuana na shemeji zangu wote wako kwenye ukurasa huu. Nina miaka 36, ni fundi magari, gereji yangu iko Mlandizi. Nina mke na mtoto mmoja wa miaka mitano, huyo mtoto nimwite Rehema. Watakaotukana watukane, nimeshazoea, ila wasome mpaka mwisho.

Mke wangu alikuwa anachapa barua na kutoa kopi kwenye stationari. Mwaka huu akaniomba aende kusoma kutengeneza programu za kompyuta, kozi ya kushinda darasani wiki kumi na mbili mfululizo, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, mapumziko Jumapili tu. Darasa liko kwenye nyumba ya kupanga, mtaa wa Picha ya Ndege. Nilikubali kwa mdomo, moyoni nikakataa. Afadhali ningekataa kabisa, angenichukia tu basi.

Wiki ya tatu wivu ukaanza kunila. Simu zao wanaziweka kwenye kikapu mlangoni, kwa hiyo nikipiga hapokei. Akirudi nyumbani mwili uko kwangu, akili iko kwenye daftari. Siku moja akaunguza maharage kwa sababu ya kusoma. Nilimzaba kibao akaangukia jiko la mkaa, mkono ukaungua, na pale pale chini nikamwongeza teke la mbavu. Kesho yake akavaa gauni la mikono mirefu akaenda darasani. Hakuna aliyelizungumza tena, nami nikajiambia yameisha.

Alhamisi moja mteja akaniambia, "Fundi, shemeji nimemwona dirishani pale Picha ya Ndege. Amekaa na kijana kiti kwa kiti, kompyuta moja, wanacheka." Sikuuliza hata swali moja. Nilichukua spana ya kufungulia matairi, nikawasha pikipiki.

Kweli niliwakuta na kompyuta moja. Yule kijana, nimwite Eliya, alikuwa anachapa, mke wangu amemwinamia akimwonyesha kitu kwa kidole. Niliushusha ule mkono wa spana juu ya vidole vya Eliya palepale kwenye kibodi. Nilisikia mifupa ikivunjika. Akapiga kelele, "Kaka, nimekosa nini?" Nikapiga tena. Mke wangu akajitupa katikati, spana ikampata begani, na sitaki kuwadanganya, niliona kuwa ni yeye na sikuacha. Wanafunzi wakanivamia na viti, bodaboda wa nje wakaja kumalizia. Nilipoteza meno mawili kabla polisi hawajafika.

Kituoni ndiko mwalimu wao alikoeleza. Alisema kwenye kozi ile wanafanya kazi wawili wawili kwenye kompyuta moja. Mmoja anachapa, mwenzake haruhusiwi kugusa, kazi yake ni kuangalia na kusema wapi pamekosewa. Baada ya nusu saa wanabadilishana. Anayewapanga ni mwalimu, si wao.

Ndugu zangu, mimi fundi! Nikitoa upepo kwenye breki lazima mtu awe ndani ya gari. Yeye anakanyaga, mimi niko chini nasema kanyaga, achia, kanyaga. Wake za watu wangapi wamenikanyagia breki za magari yao, na hakuna mume aliyewahi kuja na spana? Pale kituoni nililia, na sikulia kwa sababu ya meno.

Sasa nipo nje kwa dhamana. Mke wangu yuko kwao Kisarawe na mtoto, na darasani anakwenda kutokea huko. Eliya amevunjika vidole vitatu vya mkono wa kulia, kwa hiyo hawabadilishani tena, yeye anasema na mke wangu anachapa. Jumamosi hii wanaonyesha kazi yao mbele ya wazazi na wageni.

Wazee wangu walikwenda kuomba yaishe. Mjomba wake Eliya akawajibu, "Hatutaki mbuzi wala soda. Aje Jumamosi, asimame palepale alipompigia mtoto wetu, aseme alichokifanya. Tukiridhika, tutazungumza na polisi." Rafiki yangu Side anasema niachane na fedheha hiyo, twende tukamtishe kidogo, dogo ataifuta kesi mwenyewe. Nikisema wazo hilo halikunivutia nitakuwa mwongo. Mkono uliniwasha.

Juzi nikampigia mke wangu. Nikamwambia, "Mama Rehema, nitakuja kumwomba Eliya msamaha mbele ya watu." Akasema, "Baba Rehema, usianze na Eliya. Ukisimama, anza na siku ile ya maharage. Baba na mama watakuwepo, na hawajui."

Nikamwambia hayo ni mambo ya ndani.

Akasema, "Kovu langu ninatembea nalo nje." Akakata simu.

Ndiyo hapo niliponasa. Kumwomba radhi mwanaume mwenzangu naweza, hata kwa magoti. Lakini baba mkwe wangu ananiita mwanangu, aliniombea siku ya ndoa akiwa ameushika mkono huuhuu. Nikiyasema, kesi inaweza kuisha na bado mke asirudi, maana hakuniahidi chochote. Nikiyanyamazia, Eliya na mjomba wake wataridhika, lakini mke wangu atakuwa amekaa pale na gauni lake la mikono mirefu, ananitazama.

Leo nimefunga gereji nikajaribu kuyasema peke yangu. Ya Eliya nimeyasema yote mpaka mwisho. Ya maharage nimefika kwenye kibao, lile teke limenishinda kulitamka, na hapakuwa na mtu wa kunisikia.

Jumamosi ni keshokutwa. Kama yupo humu aliyewahi kumpiga mkewe akasimama mbele ya wakwe akalisema kwa mdomo wake, naomba aniambie alianzaje. Nishaurini ndugu zangu, lile teke nitalisemaje?